Askari wa Malkia

Niliona mtu akifungwa kwa sababu alishinda chess. Cheka kwanza, nitakungoja.

Mjukuu wangu ndiye anayechapa haya, macho yangu yalishaniaga. Ilikuwa Nakuru, mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau kati ya Wakikuyu. Mimi Kipkemei na rafiki yangu Ngigi tulikuwa makarani wa stesheni ya reli.

Mwalimu mmoja wa Njoro alitufunza chess. Majina ya kete tukajitungia wenyewe. Zile ndogo za mbele tuliziita askari, na ile kubwa ya kando ya mfalme, Malkia.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, ukumbi wa wafanyakazi. Mchezo wa kwanza, mimi na Ngigi.

Ijumaa tukiwa hotelini tunakunywa chai, jamaa akaanza kunichokoza.

"Kesho naanza na askari wa Malkia! Namtoa mmoja aliwe, halafu nashika katikati yote!"

Ngigi hakujua kunong'ona. Hoteli nzima ikatugeukia.

Mkikuyu, mwaka ule, anatangaza askari wa Malkia ataliwa! Na homgadi, mlinzi wa serikali, alikuwa meza ya nyuma.

Chai hatukumaliza; tulipelekwa kituo cha polisi.

Afisa alikuwa Mzungu kijana. "Wewe nataka kula askari ya Queen?"

"Ni mchezo, bwana," nikadakia. "Ni chess."

Akatukodolea macho. Kisha akafungua kabati, akatoa ubao wake mwenyewe. Nikamshukuru Mungu. Kumbe huyu anacheza!

"Kama hii kweli, onyesha mimi."

Ngigi akaanza vile vile alivyosema. Akamtoa askari wa upande wa Malkia, afisa akamla mbio mbio. Ngigi akashika katikati, akambana pole pole mpaka mfalme wa Mzungu akakosa pa kwenda.

"Umeona, bwana?" Ngigi akatabasamu. "Ni mchezo tu."

Afisa akamlaza mfalme wake ubaoni.

"Mimi naamini wewe. Hii mchezo." Akanigeukia. "Wewe, kwenda. Huyu nabaki."

"Lakini umesema unaamini!"

"Kikuyu najua kutoa mtu moja kufa, halafu nashika yote. Mtu kama hii mimi hapana acha nje."

Nilitoka, nikamwacha humo.

Jumamosi kiti cha Ngigi kilikuwa kitupu. Nikapewa ushindi. Nauchukia hadi leo.

Alirudi kutoka kizuizini miaka baadaye, vidole vimevunjwa. Mkewe, Wangui, alimlisha kwa kijiko. Kete hakushika tena.

Somo? Tulidhani afisa anataka kujua kama tuna hatia. Yeye alitaka kujua kama amwogope Ngigi, na Ngigi akamjibu vizuri sana.