Kichwa cha Papa Msumeno wa Cheyo

Kwa miaka sita Tatu, mshona foronya wa mtaa wa Cheyo, alikuwa ametundika ukutani kichwa kikavu cha samaki. Kililetwa na abiria wa treni ya Dar es Salaam, kimefungwa gazetini, pamoja na salamu za mumewe, Majidi. Pua ilikuwa ndefu kama rula, ina meno pande zote mbili, na katikati yake nyuzi mbili, moja kila upande. Tatu aliamini kuwa Majidi ndiye aliyezifunga ili kichwa kipate kutundikwa. Alizipaka nta ya nyuki zisikatike. Jioni nyingine alizishika kwa vidole viwili tu, akaziachia. Ndani ya nyumba hapakuwa na kazi nyingine ya mikono ya Majidi.

Majidi aliaga kwamba anakwenda Durban, Afrika Kusini, kwenye meli za uvuvi. Simu zake zilikoma mwaka wa pili. Tatu alipouliza habari za ndoa yake, sheikh alimwambia kuwa ndoa ya msafiri haivunjwi hivi hivi. Atafute kwanza mtu alipo. Na shemeji yake, Twalibu, fundi viatu, kila alipoulizwa alijibu kuwa Durban si Urambo, mtu harudi kwa baiskeli. Majirani walicheka. Tatu naye akacheka, akaendelea kungoja.

Mwaka huu alimpangisha chumba Theodora, mwalimu wa biolojia aliyesomea viumbe vya baharini. Siku ya pili tu Theodora aliomba ruhusa, akakishusha kichwa, akahesabu nyufa za kupumulia: sita kila upande. Papa msumeno wengi wana tano, alieleza. Akaazima utepe wa kushonea, akapima kutoka ncha ya pua hadi kwenye nyuzi, kisha kutoka kwenye nyuzi hadi mdomoni. Vipimo vilikaribiana sana.

"Wa Afrika Kusini, mama, nyuzi zake zimesogea mdomoni. Wa Bukini, yaani Madagaska, ana mistari miwili ya njano mgongoni, na anaishi kilindini. Huyu nadhani ni wa tatu, aliyepewa jina mwaka 2020 tu. Mpaka sasa anajulikana bahari ya Unguja tu."

"Nyuzi alizifunga mume wangu."

"Hapana, mama. Hizo ni ndevu zake. Anapapasia mchanga akitafuta chakula."

Tatu hakuuliza habari za Unguja. Aliwasha tochi ya simu, akatazama ndevu zinapoota. Hapakuwa na fundo. Ngozi ilirefuka, ikawa uzi.

Theodora alimwonya kuwa samaki huuzwa na kusafirishwa. Kichwa kilionyesha samaki alikotoka, si mtu aliko. Tatu akajitanda ushungi, akaenda kwa Twalibu, akamuuliza ndugu yake yuko Unguja tangu lini. Twalibu alimaliza kwanza kushona soli.

"Tangu mwanzo, shemeji. Durban hakufika."

Akaanza kueleza kuwa kuna mke huko na duka la nyavu. Tatu akamwambia yatosha.

Ili aivunje ndoa, sheikh alitaka mashahidi wawili wa kueleza kwamba mume ameitelekeza nyumba. Twalibu alikubali kuwa mmoja. Wa pili hakupatikana upesi. Tatu aliolewa kutoka Ujiji; kila aliyemjua Cheyo, alimjua kupitia Majidi. Alisimama uchochoroni akitazama milango ya majirani, asijue ni nani kati yao aliyecheka kwa kuwa alijua Majidi aliko. Kisha akaufuata mlango wa karibu, akapiga hodi.