Barua ya Adabu ya Mzee Njura

Wambeti hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Alifundisha darasa la tatu kule Kiritiri miaka ishirini na sita, na kazi hiyo haifanywi na asiye na subira. Lakini mwaka 2014, akiwa katibu wa chama cha wakulima wa ndengu, yaani choroko, alikasirika kweli kweli.

Chama kilikuwa kimeuza magunia mia tatu kwa mnunuzi wa ng'ambo, na benki ya mnunuzi huyo ikakitolea chama barua ya dhamana. Gitari, karani wa benki mjini Embu, alimfafanulia Wambeti:

"Madam, hii barua inalala tu. Mnunuzi akilipa, haina kazi. Asipolipa, mnaleta ankara, hati ya meli na taarifa ya chairman kwamba hajalipa, neno kwa neno kama ilivyo hapa. Zifike hapa kabla thelathini Juni iishe. Benki yake italipa. Hawaangalii ndengu, wanaangalia karatasi."

Mnunuzi hakulipa. Wambeti akaandaa kila kitu, akampa mwenyekiti, Mzee Njura, atie sahihi na kupeleka Embu.

Sasa Njura ni mzee wa kanisa, na huku Mbeere mtu wa heshima hamwaniki mwenzake kabla ya kumtumia watu na maneno laini. Taarifa ile aliiona matusi matupu. Akaitupa, akaandika yake: mnunuzi amechelewa kidogo, pengine ana matatizo nyumbani, nasi tunamwombea. Akapiga muhuri wa chama, akazifikisha karatasi zote siku ya mwisho benki ikikaribia kufungwa.

Karatasi zilirudishwa na benki ya mnunuzi. Taarifa haikusema hajalipa, na tarehe ya kuleta nyingine ilikuwa imeshapita. Dhamana ikafa hivyo. Msimu mzima wa watu, jamani! Celina, mjane wa watoto wanne, alikuwa ameuza mbuzi wake kununua mbegu. Huo ni wema gani, kugawa jasho la wengine?

"Mzee, ulikuwa unamwonea nani haya?" Wambeti alifoka mbele ya kamati. "Huyo mtu hata hujawahi kumwona!"

"Mwalimu, sikutaka tuonekane watu wa vita."

Septemba mnunuzi akaandika. Alimshukuru mwenyekiti kwa moyo wake mzuri, akaagiza magunia mengine mia tano, eti atalipa yote pamoja. Njura akatabasamu. "Mnaona? Tumjibu aje?"

Wambeti akauchukua muhuri mezani, akautia mkobani.

"Wewe Mzee, kuanzia leo utatufungulia mkutano kwa maombi. Barua nitaandika mimi."