Mlamula wa Serafina

Safari hii ilitokana na hasira. Kikundi chetu cha historia pale Biharamulo hakina ofisi wala mshahara. Tunakutana Jumapili nyuma ya duka langu la vitambaa. Tulipoiomba halmashauri mahali pa kufanyia maonyesho kuhusu kambi ya wakimbizi ya Lukole, tukajibiwa kwamba habari za wakimbizi tuziache, eti haziuhusu mji. Mwenzetu Odeta, mama anayeishi Runazi na aliyekulia kambini humo, aliinamisha kichwa. Mimi nikasema tunakwenda Lukole, na nione nani atatuzuia.

Asubuhi tulipanda basi, Odeta akiwa amepakata miche minne ya mlamula. Alitaka kaburi la mama yake liwe na alama kabla halijalimwa likapotea kabisa.

Kuanzia Nyakahura hadi Benako aliikinga miche isivunjike. Nilimnunulia muhindi wa kuchoma, akala nusu, nusu akanirudishia.

Lukole tulifika mchana. Kambi haipo tena, ni mihogo na maharage. Odeta alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe kubwa alilolikumbuka kando ya kaburi, akapiga magoti, tukapanda mche kila pembe ya kaburi. Hatukufikiri. Huku kwetu mlamula hupandwa makaburini, lakini ndio mti wa mpaka vilevile, na sisi wageni tulikuwa tumezungushia kipande cha shamba la mtu.

Mwenye shamba akaja mbio na jembe mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba ya nini? Mnanimegea shamba mchana kweupe!"

"Hapa amelala mama yangu," Odeta akasema.

"Wakimbizi walishaondoka. Ng'oeni!"

Odeta aling'oa mitatu kwa mikono yake, akaitupa njiani. Kisha akaketi kando ya wa nne.

"Mmoja haugawi shamba, mzee. Ukitaka kuung'oa huu, anza na mimi."

Niliogopa, na nilijivunia kuwa naye. Mzee akaweka jembe chini.

"Watu wakiniuliza mti huu ni wa nini, nitawajibu nini?"

"Waambie ni wa Serafina."

"Mmeupanda juujuu mno," akanung'unika. Akachuchumaa, akaushindilia udongo.

Tulirudi Biharamulo tumechoka, nami nimejifunza kwamba historia haiombewi kibali. Sasa Lukole kuna mkulima ambaye hakumjua Serafina hata kwa sura, na kila atakayeuliza atatajiwa jina lake.