Koti la Mnyama wa Tanga

Harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia wanyama waliokufa, ilitutoa machozi kabla hatujaona kitu. Nilikuwa kidato cha pili, Dongobesh, majira ya baridi, ukungu ukiingia darasani pamoja nasi. Madamu Mwanaidi, mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa amerudi kutoka likizo kwao Tanga na chupa ya jamu. Ndani yake kulikuwa na kifuko cheupe chenye midomo miwili. Sisi watoto wa wafugaji tukakubaliana mara moja: kibofu cha mbuzi. Madamu alicheka hadi akakaa. Akasema huyo ni mnyama mzima, anaitwa tunikata, ananata mwambani baharini, anavuta maji kwa mdomo huu, anachuja chakula, anayatoa kwa ule. Kisha akaweka Kiingereza cha kitabuni pembeni, akatuchorea ubaoni mtoto wa mnyama huyo: doa la jicho, mkia, na ndani ya mkia ufito laini, wa ukoo mmoja na uti wetu wa mgongo. Huogelea muda mfupi tu, hunatisha kichwa mwambani, mwili ukaunyonya mkia, ufito ukapotea.

"Madamu, kwa nini anakubali kurudi nyuma hivyo?" niliuliza.

"Ameshapata pa kukaa, mwanangu. Mkia wa nini tena?"

Mnyama alikuwa mmoja tu. Angechanwa vibaya, viungo vya ndani tungevisikia kwa maneno tu. Madamu alipotunyooshea wembe akiuliza nani atachuna, wavulana walisukumana, na mkono wangu ukawa juu kabla sijafikiri. Nyumbani kuchuna mbuzi ni kazi ya kaka zangu. Mimi hushika mguu.

"Huyo atapasua utumbo," alisema Emanueli, jirani yangu wa dawati.

Nilikata kidogo karibu na mdomo, nikaweka wembe chini, nikapitisha kidole gumba kati ya ngozi yake ya nje, ngumu kama koti, na nyama, kama ngozi ya mbuzi inavyotolewa isitoboke. Mwenda pole hajikwai. Koti likatoka zima. Ndani, kwenye mwili mwembamba unaopitisha mwanga, kulikuwa na kapu la matundu madogo, utumbo uliopinda, na moyo. Darasa lilipanda juu ya madawati. Nilifurahi nusura nilie.

Leo nafundisha somo hilohilo hapa Mbulu. Wanafunzi wangu humwona yule mtoto akiogelea kwenye simu, mkia ukitikisika. Mimi niliuona kwa chaki tu, na nawaonea wivu kweli. Wakikosa kitu, wanairudisha video. Mimi nilishika mkononi kitu ambacho kingeweza kuharibika, na hakukuwa na kingine, na darasa zima lilikuwa limeacha kupumua.