Tundu la Upande wa Kushoto

Wanafunzi wa Daktari Vernell Batiste waliijua kauli yake kama sala: "Wenzetu wakikosea ni bahati mbaya. Sisi tukikosea ni ushahidi." Na hakuwa akitania: Mweusi akikosea, watu walisema Weusi wote hawafai. Ndiye Mweusi wa kwanza kupewa maabara ya ubongo katika chuo kile cha New Orleans, na aliwashika mkono vijana ambao hakuna aliyewatarajia pale. Kila Jumatatu aliwapikia maharage mekundu na wali. Siku nyingine aliwakaripia.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya Jalisa Fontenot, binti wa mpishi wa shule huko Houma, kulieleza jopo la ufadhili utafiti wake. Akiukosa ufadhili, anafungasha virago, maana maabara haikuwa na fedha za kumweka.

Wakafanya mazoezi ya mwisho ya maelezo yake ukumbini, kabla jopo halijafika. Picha ya mwisho kuonyeshwa ukutani ilikuwa ya shukrani: Daktari Batiste mwenyewe, kaushika ubongo wa panya, sindano mkononi.

"Daktari, hata pichani umenuna!" mmoja akamtania, wote wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ile sindano.

Jalisa alikuwa ameziba sikio moja la kila panya, kisha akalinganisha pande mbili za ubongo. Lakini ubongo ukishakatwa vipande vyembamba, kipande kikipinduka majini huwezi kujua kushoto wala kulia. Ndiyo maana kabla ya kukata, maabara ile hutoboa tundu dogo upande wa kulia. Pichani, sindano ilikuwa imechoma kushoto. Ilikuwa wiki ya msiba wa bibi yake Jalisa, Daktari akamshikia kazi, na mkono wake ukafuata ulivyofundishwa ujanani, katika maabara nyingine. Mazoea yana taabu.

Angeweza kunyamaza. Nani mwingine angeona? Akamvuta Jalisa nje ya ukumbi.

"Mwanangu, wale panya wa wiki ya msiba... niliwatoboa kushoto."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu juzi, mama. Kwani ile picha ulidhani nimeiweka kukusifu?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Sauti ya Jalisa ilipanda kwa hasira. "Wewe wa 'ushahidi'? Nani angethubutu?"

Maneno yale yalimchoma Daktari kuliko tusi. Miaka yote alijiona ngao ya watoto hawa, kumbe yeye ndiye waliyekuwa wakimwogopa.

"Wale panya nimewatoa kwenye hesabu, maana picha inamwonyesha mmoja tu," Jalisa akasema. "Matokeo yanachechemea, lakini ni ya kweli. Nitawaambia kulikuwa na kosa. La nani, sisemi."

"Watadhani ni lako."

"Waache wadhani."

Jopo likaingia. Jalisa alieleza vizuri, na alipofika kwenye kosa hakumung'unya maneno. Picha ya mwisho ikiwa bado ukutani, mzee mmoja wa jopo akavua miwani.

"Kuchanganya kushoto na kulia! Kosa la kitoto kabisa. Nani alilifanya?"

Jalisa akainamisha macho. Mzee akashika kalamu. Daktari Batiste akasimama.

"Mkono ulio kwenye hiyo picha ni wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Yeye ndiye aliyeligundua, na aliogopa kuniambia kwa sababu nilimfundisha kuogopa."

Mzee akaiweka kalamu chini.

Walimpa Jalisa ufadhili wa mwaka mmoja badala ya miwili aliyoomba. Jumatatu, maharage yakiwa mezani, Daktari alishika upawa bila kupakua.

"Nani amekosea wiki hii?"

Hakuna aliyeinua kichwa. Wiki nzima walikuwa wamemsubiri awawakie.

"Semeni bwana, chakula kinapoa."

Jalisa akanyoosha sahani yake. "Mimi, Daktari. Na langu ni kubwa kuliko lako."

Daktari akampakulia wa kwanza, akavuta kiti karibu naye. "Haya, mwanangu. Nieleze."