Ukinenepa, Rudi

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini mlango wake haukuwa na maandishi yoyote. Kila mshono aliuachia ndani akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili, akaamini kazi itajisemea. Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la nguo zilizokwisha kushonwa, na cherehani ikaanza kushinda kimya.

"Mwezi ukiisha hivi hivi," mkewe alisema, "tunarudisha funguo za chumba."

Mjomba akanunua rangi, akaandika kibao: USHONAJI WA HADHI YA JUU. Watu wakakisoma kama wanavyosoma tangazo la msiba wa mtu wasiyemjua, wakapita.

"Hata mimi sijaelewa umesema nini," mkewe alimwambia. "Kwani mteja ukimkabidhi nguo yake huwa unamwambiaje?"

"Namwambia, ukinenepa, rudi."

"Si ndiyo hiyo! Andika."

"Nitukane watu barabarani?"

"Andika, baba. Nani hanenepi?"

Akaandika. Mtaa ukacheka kutwa nzima.

"Fundi!" muuza matunda alipaza sauti. "Na sisi tuliokonda twende wapi?"

"Nenda kwa mke wangu akulishe!"

Kesho yake akaja mwalimu mstaafu na gauni la bluu aliloshonewa hapo miaka kumi na miwili nyuma. "Nimenenepa," alisema. "Nimerudi."

Mjomba akafumua. Akiba ilikuwapo, vidole viwili vile vile. Ila jua lilikuwa limelifubaza gauni lote, isipokuwa kile kitambaa kilichojificha. Alipomaliza kulipanua, mistari ya bluu kali ilishuka mbavuni, huku na huku. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliwazia hilo. Alilikabidhi gauni akitazama sakafu. Moyoni alishaziona funguo zikiondoka.

Mwalimu akalivaa, akasimama mbele ya kioo muda mrefu, akipitisha kidole juu ya mstari mmoja.

"Kumbe hii ndiyo rangi niliyoichagua," alisema polepole. "Nilikuwa nimeisahau." Kisha akaangua kicheko. "Usiiguse, fundi. Natoka nayo hivi hivi."

Akatoka nayo, akapita mbele ya duka la ng'ambo mara mbili, makusudi. Wiki hiyo walikuja wanawake wanne, na mwanamume mmoja aliyejitahidi kuvuta tumbo ndani, kila mmoja na nguo yake kuukuu, wakitaka mistari kama ya mwalimu.

Funguo za chumba bado zinaning'inia msumarini, juu ya cherehani.