Sura Niliyoichagulia Blogu Yangu

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia nyumbani humu. Juzi uliponijia na simu yako, ukanionyesha sura nne, kila moja na rangi na herufi zake, za hiyo blogu unayotaka kuianzisha, ukaniuliza, "Mama, ipi itavutia watu?" nilijifanya natafuta miwani. Miwani haikuwa imepotea. Nilikuwa nimeikumbuka Jumapili ile.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nilipanga chumba mtaa wa Manyatta, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa katika saiba moja, duka la intaneti, hapa Kisumu: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mitihani ya shule. Nilishinda pale na mwenzangu mmoja, Ouma, mtu wa kompyuta, ambaye hakuna jambo la mtandaoni lililompita. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu.

Nilitaka kuandika habari za mama yangu. Nyanya yako ulimkuta ameshazeeka, amepoa. Mimi nilimjua akiwa mkulima wa mpunga kule Ahero, mjane tangu nikiwa darasa la nne, na sijaona tena mtu mwenye mdomo mtamu kama wake. Mafuriko yakija, na Ahero mafuriko huja, alipandisha magunia juu ya dari, akaenda kukaa kanisani na majirani, akawachekesha mpaka maji yashuke. Alikuwa na jogoo aliyemwita "shemeji," kwa sababu alikuja kutembea na hakuondoka. Hayo ndiyo niliyoyaandika mwanzoni, kwa Kiswahili, marefu, yakienda polepole kama yeye alivyosimulia.

Wasomaji tulikuwa wawili, mimi na Ouma.

"Dada, sikiza," Ouma akaniambia. "Hii ni tamu, lakini nani atasoma? Andika Kizungu. Sentensi fupi fupi. Weka picha kubwa juu, maneno kidogo chini. Na usichekeshe. Watu wa mbali wanataka kulia."

"Mama yangu halii," nikamwambia.

"Basi mlize wewe."

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mkeka wangu. Nikachagua ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe, na Jumamosi iliyofuata nikaenda Ahero na kamera ya kuazima. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, maji yamefika uani. Mama akatoka kunilaki amevaa gambuti zake za shambani.

"Mama, vua gambuti kwanza," nikamwambia.

"Nivue? Kwani unapiga picha ya miguu?" Akacheka, akavua, akaingia majini. Nikamwambia asicheke. Hilo lilimshinda. Nilipiga picha nyingi kabla ya kupata moja ambayo amefumba mdomo.

Chini ya picha hiyo niliandika kwamba mama yangu hana viatu. Kwamba hulala bila kula. Mwanangu, mafuriko yalikuwa ya kweli, yaliyobaki niliyatunga. Na watu wakaja! Asubuhi nilikuta salamu kutoka nchi ambazo nisingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Waliniita jasiri. Nilionja sifa nikataka nyingine, basi kila wiki nikamwongezea mama shida moja. Akaumwa bila kuumwa. Paa lake likavuja bila kuvuja. Yeye Kizungu hakukijua. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ninaandika habari zake, akafurahi mno, akawatangazia wenzake kanisani kuwa binti yake anamtungia kitabu.

Sasa Jumapili yenyewe. Nilikuwa nimeenda kumsalimia, tukaenda ibada pamoja. Mahubiri yalipokwisha, mchungaji akawaita mbele wageni wawili, mume na mke kutoka ng'ambo, wazee wapole wenye begi kubwa. Walikuwa wameisoma blogu, wakaliandikia kanisa, kwa maana jina la kanisa nilikuwa nimelitaja mwenyewe. Yule mama mgeni akatoa karatasi, akaanza kusoma, na mchungaji akitafsiri kwa Kijaluo, sentensi kwa sentensi. Yuko mjane hapa Ahero. Hana viatu. Usiku hulala njaa.

Nilikuwa benchi la nyuma. Nilitaka kuinuka nimzuie, nikashindwa.

Mama alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa lile. Akainua mkono hata kabla mchungaji hajamaliza.

"Mchungaji, huyo mama anakaa upande gani? Mbona hatujamjua? Sisi kina mama tutampelekea mchele leo leo."

Mchungaji akaichukua karatasi, akaitazama, akamtazama mama, kisha akamgeuzia ile picha iliyochapwa juu yake aione.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama aliitazama picha. Kisha akaiangalia miguu yake, iliyokuwa ndani ya viatu vyake vyeusi vya kanisani, akaketi.

Wageni wale aliwapikia. Wali wa shamba lake na samaki, kwani kwake mgeni hakuondoka bila kula. Viatu walivyomletea alivipokea kwa mikono miwili ili wasione haya. Walipokwenda zao, akaniita jikoni.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "nilipovua zile gambuti nilidhani tunacheza."

Nikapiga magoti, nikalia, nikamwomba msamaha. Alinisamehe pale pale, akaniinua kwa mikono yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile hakunisimulia tena jambo. Nikienda Ahero alinipikia, akaniuliza habari za kazi, akaniombea safari njema. Mara nyingine nilifika nikamsikia jikoni akiwavunja mbavu majirani. Nikiingia tu, alikatiza katikati. "Karibu, Akinyi," na hadithi ikaishia hapo. Hakufanya hivyo kwa hasira, mwanangu, hasira ningeivumilia. Mama yangu aliniogopa. Aliniogopa mpaka siku alipofumba macho.

Blogu niliifuta siku ya pili baada ya Jumapili ile. Ilinisaidia nini? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu nisiowajua walikuwa wameshaichukua picha ile, na mwaka jana tu nimeikuta tena, imewekwa kwenye habari za mafuriko ya nchi nyingine, mama akiitwa jina la mtu mwingine. Nilimwandikia mwenye ukurasa. Hakunijibu.

Mama alipofariki, watu wa nyumbani walisema Akinyi ndiye mwandishi, aandike wasifu wa kusomwa mazishini. Niliketi na karatasi siku mbili. Tarehe nilizijua, na majina ya watoto. Ila kilichomchekesha miaka ile yote, alichokitamani, kilichomtia hofu, sikukijua. Nikaenda kwa jirani yake wa karibu, Mama Risper, nikamsihi anisimulie. Aliniuliza neno moja tu:

"Utaandika vipi?"

Nikaaga, nikarudi na karatasi yangu. Wasifu wa mama yangu ulisomwa ukiwa nusu ukurasa.

Kwa hiyo, mwanangu, rangi chagua unayoitaka. Herufi, picha kubwa, picha ndogo, hayo hubadilishwa kwa kidole. Lakini namna ya kumsema mtu, ukishaizoea, hukubadilisha wewe. Mwandike kwa lugha ambayo mwenyewe ataisikia. Msomee yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na akikuambia "huyu si mimi," futa, hata kama ndiyo maneno mazuri kuliko yote uliyowahi kuandika. Akicheka, mwache acheke. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nawe ukiamua kuandika habari za watu umekubali kuwa mwosha. Na siku utakayoona wasomaji wanaongezeka kwa kuwa umeongeza shida, simama hapo hapo. Mimi sikusimama. Nisikudanganye kwamba nilijifunza nikapona. Nimejifunza tu, yako makosa ambayo kuyajua hakuyapunguzi hata kidogo.

Haya, nenda ukaandike. Mungu aibariki mikono yako, na aishike pale itakapotaka kuzidisha. Akupe wasomaji, hata wakiwa wachache. Na wale unaowapenda wasikuogope kamwe. Ukiwaingilia katikati ya maneno yao, wakusogezee kiti, waendelee.